"Unirudishie makuta yangu": namna ya kujibu bila kuibiwa na bila kuibia mutu

Wandugu wafanyakazi wa mine, wamama wenye kushika nyumba, na vijana wenye kujitafutia kazi: kuna neno moja yenye inavunja biashara mingi ndogo mu muji wetu. Haiko tusi, haiko kitisho. Ni neno ya upole: "Yaya, unirudishie makuta yangu, tafazali." Saa ingine mutu mwenye kuisema iko na haki yake. Saa ingine ni mwizi, na makuta yenye analomba haijakuwa yake hata siku moja. Mwenye kuuza iko na dakika mbili ao tatu za kuamua, simu iko mu mukono, na ule wa kule anamusukuma: fanya mbio, fanya mbio.

Leo tuongee juu ya hizo dakika mbili ao tatu. Kanuni yenye tutatoa iko moja tu, na inafaa mama mwenye kuuza inite ku kabine sawa na kijana mwenye kuuza programu ya ordinateri: makuta inarudia njia yenye ilipita, kiisha wewe mwenyewe kuiona mu konti yako, na haipiti kipimo yenye iliingia. Ile ingine yote ni maelezo ya hii kanuni.

Juu ya nini inaangalia familia za mine

Zamani mutoto wa mufanyakazi wa Gécamines alijua maisha namna ilipangwa: baba iko ku kazi, mwisho wa mwezi kuna mushahara, kuna bunga, kuna shule, kuna hopitali ya kampuni. Ile maisha ilianguka pole pole mu miaka ya 1990. Mu 2003 mpango wenye waliita Départs volontaires ulitosha wafanyakazi zaidi ya 10.000 mu Gécamines, kila mutu na makuta yake yenye ililipwa mara moja. Wengi waliiweka mu biashara ndogo. Leo, mu kampuni mingi za mine, kazi inapita ku sutretansi, na kontra fupi. Kontra ikiisha, nyumba inapashwa kukula tu.

Njo maana mu nyumba mingi za Katuba, Ruashi, Kampemba ao komini Kenya, mushahara wa baba hauko tena peke yake. Mama iko na kabine pa barabara: kivuli, kiti, simu mbili tatu. Mutoto mwenye alisoma informatiki anatengeneza programu: ya kuhesabu vitu vya duka, ya kuandika poa za wanafunzi ku shule, ya kufuata dawa zenye kukaribia kuharibika mu farmasi. Anaiuza dola 30, dola 50, kwa mutu wa Likasi, wa Kolwezi ao wa Kasumbalesa, bila kuonana naye uso kwa uso.

Malipo inapita ku simu. M-Pesa ilizaliwa mu 2007 kule Kenya, ile inchi, hapana komini yetu. Kwetu ilifika mu 2012. Leo tuko nayo, tuko na Airtel Money, Orange Money na Afrimoney. Ni jambo muzuri sana: mufanyakazi iko Kolwezi, bibi iko Lubumbashi, makuta inafika mbele maji ya bukari haijachemka. Lakini vile makuta inakimbia, njo vile mwizi pia anakimbia.

Programu haiko mufuko wa bunga

Mutu akikurudishia mufuko wa bunga juu bunga ni mubaya, unafungua, unaangalia, unaunusa. Mufuko umerudi ku duka. Ule mutu hana nao tena. Unamupa makuta yake, mambo imeisha.

Programu haiko vile. Unamutumia mutu programu na ufunguo wake, ndio ile kode ndefu yenye kufungua kazi yote. Akisema "sitaki tena, unirudishie makuta", programu inabakia kwake mu ordinateri. Anaweza kuandika ku karatasi: "nimeifuta." Utajuaje? Anaweza hata kuwa amekwisha kuiuzia wengine watatu. Inite za simu pia ziko vile: zikiisha kuingia mu simu ya mutu, huwezi kuzichukua ku mikono yake.

Kwa hiyo mwizi anapenda sana vitu vya namna hii. Anataka kitu na makuta, vyote viwili. Na anajua kama muuzaji mudogo anaogopa mambo mbili: kuonekana kama mwizi mbele ya wakiliya, na kusemwa vibaya mu ma-groupe ya WhatsApp. Ile woga njo mulango yenye anaingilia.

Njia ine za mwizi

Njia ya kwanza: makuta yenye haikufika. Unapata mesaji: "Umepokea dola 150." Iko na maneno sawa na ya kampuni ya simu, iko na nimero ya operasio, hata na solde mupya. Dakika moja kiisha, simu inalia: "Papa, nilikosea, nilitaka kutuma 50, unirudishie 100." Ile mesaji iliandikwa na mutu mu simu yake ya kawaida. Konti yako haikupokea kitu. Ukituma 100, ni 100 yako. Na kama ulikwisha kumupa na ufunguo, programu nayo imeenda.

Njia ya pili: makuta iliingia kweli, lakini haiko ya ule mwenye kuongea na wewe. Hii njo ya hatari zaidi, juu mesaji ni ya kweli, solde ni ya kweli, na moyo wako unatulia. Tutaieleza hapa chini na mufano.

Njia ya tatu: kadi ya banki yenye iliibiwa. Kuna vijana wetu wenye kuuza programu mbali, kwa watu wa Ubelgiji, Kanada, Afrika ya Kusini, na malipo inapita ku kadi. Mwizi analipa na kadi ya mutu mwingine. Siku mbili kiisha anaandika: "Siihitaji tena, lakini kadi yangu imefungwa, unitumie makuta ku nimero hii ya simu." Unatuma. Kiisha, wiki tatu ao miezi mbili, mwenye kadi wa kweli anaona malipo yenye hakufanya, anashitaki ku banki yake, na banki inavuta makuta ku konti yako. Mara mingi inaongeza na malipo ya adabu juu yako. Tuhesabu: 50 iliingia, 50 ulituma kwa mwizi, 50 banki imevuta, na adabu juu yake. Uliuza kitu kimoja, ukalipa mara mbili, na kitu hauna.

Njia ya ine: mutu ni mwenye kununua kweli, makuta ni yake kweli, lakini alikwisha kutumia kitu. Alichapisha mabiletini ya shule muzima, kiisha anasema programu haitembei. Huyu haiko na kadi ya wizi; iko na ulimi tu. Wengine hawakulombi hata: wanaita kampuni ya simu moja kwa moja na kusema "nilituma ku nimero yenye sijui, munirudishie", ingali kitu kiko kwao.

Angalia vizuri: mu njia ya pili na ya tatu, mwizi analomba kitu kimoja chenye hakibadiliki. Analomba makuta irudi kwa njia ingine, haiko ile yenye ilikuja nayo. Nimero ingine, simu ya bibi, simu ya ndugu, kadi ingine. Ukiziba ile njia ingine, wizi yake imekufa.

Mufano wa kijana wa Katuba

Tuchukue mufano wa kufundisha. Musitafute jina ya mutu. Kijana wa Katuba, mutoto wa mufanyakazi wa mine, anauza programu ya duka kwa dola 50. Siku ya tano, saa tisa ya kiangazi, mwanaume moja anamuandikia ku WhatsApp: "Niko na farmasi ku Likasi, nataka programu yako." Wanapatana. Kiisha saa moja, dola 150 inaingia.

Mwanaume anaita: "Mudogo wangu, nilichanganya nimero. Nilitaka kutuma 50. Kata 50 yako, 100 uitume ku hii nimero yenye ninakuitia. Ile ya kwanza ni ya bibi yangu, simu yake imezima."

Kijana haangalii mesaji. Anapiga kode yeye mwenyewe, anaangalia solde: makuta iko. Kiisha anaangalia nani alituma. Jina ni ya mwanamuke, nimero ni ingine. Anamujibu kwa heshima: "Papa, 150 yote inarudia ku nimero yenye ilitoka. Kiisha papa utanitumia 50 mupya, na mimi nitakupa ufunguo."

Hapa njo sauti inabadilika. "We mutoto, unataka kuniibia? Mutoto wangu iko ku hopitali, 100 ile njo ya dawa! Nitakuchafua mu ma-groupe yote ya Lubumbashi!" Kijana anarudilia maneno ile ile, hapana kuongeza, hapana kupunguza. Kiisha anaita ile nimero ya kwanza yenye eti imezima. Haijazima. Mama moja wa Likasi anaitika. Programu haijui. Farmasi hana. Yeye aliona simu yenye kuuzwa ku Facebook, dola 150, na muuzaji alimupa "nimero ya kulipia". Ile nimero njo ya kijana wa Katuba.

Muliona? Mwizi alikuwa katikati ya watu wawili wa haki. Mama analipa simu yenye haiko. Kijana anapokea makuta ya mama. Kama kijana angetuma 100 ku nimero ya mwizi, angebakia na 50, angetoa na programu, na kesho yake mama angeshitaki. Kampuni ya simu ingefunga konti yenye ilipokea, na polisi ingetafuta mwenye ile nimero. Nani? Kijana. Mwizi hakuandikwa fasi yoyote. Kijana angelipa mama 150, na 100 ilikwisha kwenda.

Hapa njo tunaelewa kama kanuni hailindi paka muuzaji. Inalinda na mutu wa tatu, mwenye hatumuoni, mwenye analia ku muji mwingine. Kijana hakuhitaji kujua mwizi ni nani. Hakuhitaji kuwa na akili ya polisi. Alirudisha makuta njia yenye ilipita, na makuta ikamukuta mwenyewe.

Majirani nao wanajua

Hii mambo haiko ya Lubumbashi peke yake. Tanzania, mesaji ya "Ile pesa tuma kwenye namba hii" ilijulikana mpaka watu wakaifanya michezo ya kuchekesha. Mwizi anaituma kwa watu mingi bila kuwajua, akitumaini moja kati yao iko na deni kweli na atafikiri ni mwenye deni anaandika. Mamlaka ya mawasiliano ya kule, TCRA, iliweka nimero 15040, mutu anapeleka pale ile mesaji na nimero ya mudanganyi. Kenya, mwenye kutuma makuta ya M-Pesa kwa makosa anapeleka mesaji ya operasio ku 456, na kampuni njo inashika kazi ya kurudisha, hapana mwenye kupokea peke yake mu giza. Kule pia jina ya mwenye kupokea inaonekana mbele ya makuta kutoka.

Angalieni na maduka makubwa ya dunia yenye kuuza programu. Hayakuacha jambo hii ku huruma ya mutu. Ku Steam, yenye kuuza michezo ya ordinateri, unaweza kulomba makuta yako mu siku 14, kama haukucheza kupita saa mbili. Ku Google Play, saa 48 za kwanza njo za kulomba kwa urahisi, na makuta inarudia njia ile ile yenye ulilipia. Inchi za Umoja wa Ulaya zinapatia mwenye kununua ku intaneti siku 14 za kugeuza mawazo. Lakini kwa programu yenye mutu alikubali kuipokea papo hapo na kujua kama anapoteza ile haki, siku hizo zinaanguka. Wote wameandika kanuni mbele ya kuuza. Kijana wa Katuba anaweza kuandika yake ku karatasi moja.

Kazi ya kufanya, moja kwa moja

Moja. Onyesha mbele ya kuuza. Mupe kiliya programu ya kujaribu, yenye kufanya kazi siku saba ao yenye kukubali vitu 20 tu. Mwenye alijaribu hawezi kusema hakujua. Malombi mingi ya kurudisha makuta inaisha hapa, mbele haijazaliwa.

Mbili. Andika kanuni yako mu mesaji mbele ya kupokea makuta: bei gani, siku ngapi za kulomba kurudishiwa, kwa sababu gani, na ya kama makuta inarudia paka nimero ao kadi yenye ililipa. Mulombe ajibu "nakubali". Ile mesaji usiifute.

Tatu. Mutu akisema alituma, ao alituma kupita, usiamini mesaji. Angalia solde kwa kupiga kode mwenyewe. Ku kabine, mama asiangalie simu yenye kiliya anamunyoshea, aangalie yake.

Ine. Linganisha: nimero yenye ilituma, jina yenye ilionekana, na mutu mwenye anaongea. Zikiachana, ita nimero yenye ilituma. Mwizi atakuambia imezima, imeibiwa, iko kwa muganga. Ita tu.

Tano. Rudisha ku njia ile ile. Ikiwezekana, kampuni ya simu njo ifanye ile kazi: mwenye kutuma aite service client ya kampuni yake, alombe operasio ivunjwe, na wewe useme unakubali. Lakini njia ni moja tu. Ukituma wewe mwenyewe na kampuni nayo ikavunja operasio, umetoa mara mbili. Kwa kadi ya banki pia, tumia kifungo ya kurudisha mu service yenye ilipokea malipo, usitume ku simu wala Western Union.

Sita. Kama malipo ya kadi inanuka, usingoje. Mutu moja ananunua programu tano mu saa moja na kadi tano. Jina ya kadi na jina ya mununuzi ni mbali kama Kipushi na Kisangani. Funga ufunguo, na urudishe mwenyewe ku zile kadi mbele mwenye kadi hajashitaki. Unapoteza mauzo, lakini unaponya adabu ya banki. Watu wengi wanafikiri kujikinga ni kukatala kurudisha. Hapana. Saa ingine kujikinga ni kurudisha mbio, lakini ku mulango yenye ilifunguka.

Saba. Ufunguo wa programu ufungwe mbele makuta haijatoka. Kijana mwenye kuandika programu anapashwa kuweka tangu mwanzo namna ya kuzima ufunguo moja moja. Kama hawezi, auze programu kwa mwezi, hapana kwa maisha.

Na jibu ya kutuma iwe moja kwa watu wote. Munaweza kuiandika hivi mu simu na kuichunga: "Ndugu, tumepata malombi yako. Tutaangalia malipo, na kama iko sawa makuta itarudia nimero yenye ilituma, mu siku tatu. Hatutumi ku nimero ingine. Aksanti." Hapana hasira, hapana maelezo marefu. Mwizi anakula maneno marefu. Kila maelezo inamupa fasi ya kushika.

Tusipapase watu ku mulango

Sasa kuna upande mwingine, na mu sendika hatuwezi kuunyamazia. Sisi wa ku mine tunajua namna gani inauma kupapaswa ku mulango kila siku wakati wa kutoka, mikono juu, mifuko inje, kama kila mufanyakazi ni mwizi wa kobalti. Mwenye aliiba anapapaswa, mwenye hakuiba anapapaswa vilevile, na wakubwa wanapita na gari bila kuguswa. Tulisema mara ngapi: kama kuna kanuni, iwe ya wote, na ifanywe kwa heshima.

Basi na sisi tukiuza, tusigeuke wale. Mutu mwenye alilipa mara mbili juu rezo ilikatika katikati iko na haki. Mwenye alinunua programu na ordinateri yake ni ya zamani, haiwezi kuifungua, na wewe haukumuambia mbele, iko na haki. Mama mwenye alikosea nimero moja ya mwisho na makuta ya shule ya mutoto ikaanguka kwako, ile makuta haiko bahati yako. Sheria yetu ya kiraia inasema wazi: mwenye kupokea kitu chenye hakipashwi kupewa anapashwa kukirudisha. Kunyamaza na kukula ni wizi pia, hata kama ilikuingilia mu simu wakati ulilala.

Kanuni ya njia moja inasaidia hapa pia. Haikulombi kuhukumu moyo wa mutu. Haukumuite mwizi, haukumuite mwongo. Unamuambia tu makuta itapita wapi na siku gani. Mutu wa haki hatakasirika juu makuta yake inarudia nimero yake. Njo kitu alilomba. Mwenye kukasirika juu ya hiyo amekwisha kujibu mwenyewe.

Ukishikwa ao ukijaribiwa

Usifute mesaji, usifute historia ya mwito. Enda ku ofisi ya kampuni ya simu na kadi yako ya uchaguzi, na nimero ya operasio. Fanya ile siku, juu makuta ikiisha kutolewa ku kabine ingine, kampuni haina kitu cha kuzuia. Kiisha peleka mashitaka ku polisi ao ku parquet. Udanganyifu wa namna hii iko mu Code pénal tangu zamani, mu artikle 98 juu ya escroquerie, na tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi iko na Code du numérique yenye kuangalia makosa ya ku simu na ku intaneti. Na kode yako ya siri haiombwi na mutu, hata akisema iko mufanyakazi wa kampuni ya simu, hata akiita jina yako yote na ya baba yako.

Neno moja zaidi kwa familia. Wadanganyi wanapenda saa yenye baba iko chini ya udongo ao ku poste ya usiku, simu yake iko mu kasiye ya nguo na haiwezi kuitika. Njo saa wanaitaka mama: "Bwana yako alipata aksida, tuma makuta ya hopitali," ao "Bwana yako njo alinituma, unirudishie makuta yake." Patana mu nyumba leo, mbele ya poste ya kesho: nimero ya delege ao ya kapita yenye mama anaweza kuita saa yoyote kuuliza kama ni kweli, na makuta haitoki mbele ya ile jibu. Mu sendika mumoja mumoja, delege aandikishe hizi nimero za familia mu buku, kama tunavyoandikaka zile za kuita wakati mutu ameumia.

Na mama mwenye kabine akate kipande cha karto, aandike na bike kubwa, akifunge pa kivuli yake kila mutu aone: "Makuta inarudia paka ku nimero yenye ilituma." Karto moja haina bei. Kijana na programu yake aweke maneno ile ile ku mwanzo wa kila mauzo. Wiki ya mushahara inakuja, na wadanganyi nao wanajua tarehe yake.